Ukubwa wa tairi za dragi kwa gari la barabarani: kimo kitangulie, upana ufuate

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Karibu kila anayetaka kuliandaa gari lake la kila siku kwa mbio za dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) huuliza kwanza aweke tairi pana kiasi gani. Naandika uzi huu kwa sababu naamini swali hilo linastahili kuja la tatu. La kwanza ni kimo cha tairi, la pili ni urefu wa ubavu wake, na ukishayaamua hayo mawili utakuta upana umebakiwa na nafasi chache tu, tena nyingi zinaamuliwa na madigadi na shokapu za gari lako kuliko na hamu yako. Ninazungumzia gari linalokwenda uwanjani kwa magurudumu yake, likakimbia mita 402 au nusu yake, mita 201, kisha likarudi nyumbani. Gari lililojengwa kwa mbio tupu lina hesabu nyingine.

Tukubaliane kwanza namna ya kusoma namba. Tairi lililoandikwa 245/45R17 lina upana wa milimita 245, ubavu wenye asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 110, na linakaa kwenye rimu ya inchi 17, ambazo ni milimita 432. Chukua ubavu mara mbili, ongeza rimu, unapata kimo cha milimita 652. Tairi la 275/60R15, ambalo wapenzi wa dragi wanalijua sana, lina ubavu wa milimita 165 na rimu ya milimita 381, hivyo kimo chake ni milimita 711. Sliki, yaani tairi za mbio zisizo na michirizi, huandikwa kwa inchi na kwa mpangilio mwingine: 28x10.5-15 maana yake ni kimo cha inchi 28, uso wa inchi 10.5 na rimu ya inchi 15. Zingatia kwamba ile 10.5 ni upana wa uso unaokanyaga, ilhali 275 ya tairi la kawaida hupimwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Wengi hulinganisha namba hizo mbili moja kwa moja, na ndipo wanaponunua kitu kisichoingia.

Sasa kimo. Tairi ni sehemu ya gia zako. Tairi refu husafiri umbali mkubwa zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo linafanya kazi ile ile ambayo ungepata kwa kupunguza uwiano wa difu (gia ya mwisho iliyo kwenye ekseli). Chukua gari la uzito wa kilo 1,500 linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, lenye difu ya 3.73 na gia ya tatu yenye uwiano wa 1.30, linalovuka mstari wa mwisho likiwa na kasi ya kilomita 170 kwa saa. Likiwa na tairi la milimita 652, injini ingekuwa kwenye mizunguko kama 6,700 kwa dakika katika gia hiyo. Likiwa na tairi la milimita 711, ingekuwa kwenye 6,150. Ikiwa kikomo cha injini ni 6,500, tairi la kwanza linamlazimisha dereva kuingiza gia ya nne mita chache kabla ya mstari, pahali pabaya kabisa pa kubadilisha gia, na tairi la pili linamfikisha akiwa bado kwenye gia ya tatu. Ndiyo sababu nasema uanzie mwisho wa uwanja na kurudi nyuma: jiulize ungependa kuvuka mstari ukiwa kwenye gia gani na mizunguko mingapi, kwa kawaida kidogo juu ya pale nguvu ya injini inapofikia kilele, kisha utafute kimo kinachokupa jibu hilo.

Bei ya kimo hicho hulipwa mwanzoni. Gari letu hilo hilo likiwa na injini ya nyutoni mita 400 na gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.66, ukiacha kando nguvu inayopotea njiani, tairi la milimita 652 linasukuma ardhi kwa nyutoni kama 12,170, na la milimita 711 kwa nyutoni 11,160. Tofauti ni asilimia 8. Mtu atasema amepoteza msukumo, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini angalia ardhi inaweza kupokea kiasi gani. Gari likiondoka kwa kasi inayoongezeka kwa kiwango cha 0.8 cha nguvu ya uvutano, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita juu ya ardhi na umbali kati ya ekseli ukiwa mita 2.7, karibu kilo 220 huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Kama nyuma palikuwa na kilo 720, sasa pana kilo 940. Tairi zuri lenye kiwango cha msuguano cha 1.3 litashika hadi nyutoni 12,000 hivi. Kwa hiyo tairi fupi linadai zaidi ya kile ambacho ardhi inatoa, linazunguka bure, na tairi refu linabaki ndani ya mpaka na kusogeza gari. Msukumo uliopotea ulikuwa unageuzwa kuwa moshi.

Hesabu hiyo inategemea namba za gari lako, nami siwezi kukufanyia nikiwa huku. Mwenye injini dhaifu na gari jepesi anaweza kukuta kinyume chake: tairi refu litamfanya aondoke kizembe, injini ikianguka chini ya mizunguko inayotoa nguvu. Huyo abaki karibu na kimo cha kiwandani. Mwenye kutaka tairi refu bila kupoteza msukumo itabidi abadilishe difu. Kwa mfano wetu, 4.10 na tairi la milimita 711 vinamrudisha karibu pale pale alipokuwa na 3.73 na tairi la milimita 652, pamoja na lile tatizo la gia karibu na mstari wa mwisho. Msinunue difu kabla ya kukimbia na tairi jipya.

La pili ni ubavu. Ubavu mrefu hukunjika gari linapoondoka, na katika kukunjika huko hupokea mshtuko ambao vinginevyo ungefika kwenye klachi, shafti na ekseli. Zaidi ya hapo, ndio unaokuruhusu kupunguza upepo bila kuumiza rimu. Na upepo una athari kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu eneo la tairi linalogusa ardhi hukaribia kuwa uzito uliobebwa ukigawanywa kwa shinikizo la upepo. Tairi lililobeba kilo 470 kwa upepo wa paundi 32 linagusa ardhi kwa sentimita za mraba kama 210. Lishushe hadi paundi 18 na eneo linakaribia 370. Hakuna ongezeko la upana linaloingia kwenye madigadi ya gari la kawaida ambalo lingekupa nyongeza kama hiyo. Ni makadirio, kwa kuwa ubavu nao hubeba sehemu ya uzito, lakini yanaonyesha ni wapi mshiko unapatikana.

Upana ndio wa mwisho, na nitaueleza wakiuliza.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa maelezo yaliyopangika. Shida yangu ni kwamba gari langu lilitoka kiwandani na rimu za inchi 18 na diski kubwa za breki mbele na nyuma. Rimu ya inchi 15 haipiti kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski). Je, niachane na mpango huu, au nibadilishe breki za nyuma?

#3 Mleta uzi

Mkuu, breki usiziguse. Gari hilo litarudi barabarani, na pia litahitaji kusimama mwishoni mwa uwanja likiwa na kasi kubwa kuliko lilivyozoea.

Kipimo cha 315/40R18 kina kimo cha milimita 709, karibu sawa kabisa na 275/60R15. Kipimo cha 305/45R17 kina milimita 706, iwapo rimu ya inchi 17 itapita kalipa zako. Kwa upande wa gia, basi, hujapoteza kitu. Unachopoteza ni ubavu: milimita 126 kwa tairi la inchi 18 na 137 kwa la inchi 17, ukilinganisha na 165. Hiyo ina maana kwamba upepo hutaushusha kama mwenye rimu ndogo, na kwamba mshtuko mwingi zaidi utafika kwenye ekseli. Mimi ningejaribu kwanza kama inchi 17 inaingia, kwa sababu kila inchi unayoipunguza kwenye rimu bila kubadilisha kimo inakuongezea takribani milimita 13 za ubavu. Wakati mwingine rimu ya inchi 17 yenye umbo tofauti la mikono hupita pale ambapo nyingine imegoma, kwa hiyo ijaribishe kwenye gari kabla ya kulipia.

Jambo jingine kwa magari ya kisasa: kompyuta hulinganisha kasi ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tairi za nyuma zikiwa refu kuliko za mbele kwa asilimia 9, mfumo wa kuzuia kuteleza unaweza kudhani kuna gurudumu lenye hitilafu na kuingilia kati. Uliza kama vipimo vinaweza kurekebishwa kwenye programu ya gari lako. Na kama kasi inasomwa kutoka kwenye gia au magurudumu ya nyuma, dashibodi ikionyesha 100 wewe utakuwa unakwenda karibu 109.

#4 Mchangiaji

Kwa heshima zote, sikubaliani na kuuweka upana mwisho. Magari yote yenye kasi kubwa katika mbio hizi yana tairi pana ajabu nyuma. Kama upana haukuwa na maana kubwa, wangezitumia za nini? Ningependa pia uniambie kwa nini nisiweke tu tairi pana kuliko yote linaloingia, kisha nikapanga mengine baadaye.

#5 Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki, na sijasema upana hauna maana. Upana unafanya kazi mbili ambazo upepo hauwezi kuzifanya. Kwanza, hueneza joto kwenye mpira mwingi zaidi, na kwa hiyo humruhusu mtengenezaji kutumia mpira laini zaidi bila kuuunguza au kuuchana. Pili, mpira hushika vizuri zaidi kila sehemu yake inapobeba mzigo mdogo, na uso mpana husaidia kugawa mzigo huo pale ambapo huwezi tena kushusha upepo. Magari unayoyataja yana nguvu mara nyingi ya gari la barabarani. Bila uso mpana mpira wao ungeharibika kabla ya kufika popote. Kumbuka pia kwamba tairi hizo pana ni refu vilevile, na hapo tunarudi kwenye kimo.

Kwa nini basi usiweke pana kuliko yote? Sababu ya kwanza ni rimu. Upana unaouona kwenye maandishi ulipimwa kwenye rimu ya upana maalumu, na kila nusu inchi unayoongeza au kupunguza kwenye rimu hubadilisha upana wa tairi kwa milimita 5 hivi. Tairi la radiali (lenye nyuzi za ndani zinazovuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo) lililobanwa kwenye rimu nyembamba hutunisha katikati ya uso wake, pembeni pakanyanyuka, na ule upana ulioununua haukanyagi. Nimeona alama za mpira uwanjani zinazoonyesha tairi la 275 likikanyaga kwa theluthi mbili tu za uso wake kwa sababu hiyo. Afadhali 255 kwenye rimu inayolifaa.

Sababu ya pili ni uzito. Kilo moja iliyo kwenye uso wa tairi haisafirishwi mbele tu, bali inazungushwa pia, na nishati ya kuizungusha ni sawa na ile ya kuisogeza. Kwa injini, kilo hiyo ni kama kilo mbili zilizowekwa kwenye buti. Tairi pana na rimu yake vikizidi vya awali kwa kilo 4 kila upande, umeongeza mzigo unaokaribia kilo 16, na kila mbio utazilipia hizo kilo ukitaka usitake.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa huishia kwenye kuvunja vitu. Gari la gia za mkono lenye nguvu ya wastani likipewa tairi linaloshika kupita kiasi, kitu fulani lazima kikubali kushindwa pale mguu unapoachia klachi. Tairi likikataa kuteleza kidogo, itateleza klachi. Klachi ikiwa imara, itakatika ekseli au meno ya gia. Mshiko unaotosha gari lako, ukiwa na mzunguko mdogo wa tairi katika mita za mwanzo, ni bora kuliko mshiko wa gari lenye nguvu mara mbili.

Kwa hiyo nina kipimo kimoja cha upana: kama kwa kimo sahihi na upepo uliorekebishwa vizuri tairi bado linazunguka bure baada ya mita 18 za kwanza, ongeza upana. Muda wa mita 18 hizo huandikwa kwenye karatasi ya matokeo yako, utazame kabla ya kitu kingine chochote. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ikipungua hapo, kwa kawaida muda wa mita 402 hupungua kwa zaidi ya hiyo, mara nyingi karibu mara mbili yake.

#6 Mchangiaji

Na sisi wenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele? Maelezo yote haya ya uzito kuhamia nyuma yanatuacha wapi?

#7 Mleta uzi

Yanawaacha mkihitaji uangalifu zaidi wa kuchagua, kwa sababu kila mnapopata mshiko ndipo uzito unapowakimbia. Gari la kilo 1,200 lenye asilimia 60 ya uzito mbele lina kilo 720 kwenye magurudumu yanayoendesha. Likiondoka kwa nusu tu ya nguvu ya uvutano, kilo kama 115 huhamia nyuma, zikabaki 605. Kusukuma kilo 1,200 kwa kiwango hicho kunahitaji msuguano wa karibu 1.0, na tairi la kawaida la barabarani linaanza kusalimu amri hapo.

Kwenu, kimo kifupi kina faida ambayo wa nyuma hawana: uwiano wa mwisho umefungwa ndani ya sanduku la gia na kuubadilisha ni kazi kubwa, hivyo tairi ndiyo njia rahisi ya kurekebisha gia. Tairi la 225/50R15 lina kimo cha milimita 606, na 205/50R15 lina 586. Kati ya hizo, hesabu ya gia ya mwisho wa uwanja ndiyo iamue. Tairi refu mno mbele hugusa madigadi usukani ukikatwa, na huongeza kazi ya kiungo cha shafti ambacho tayari kinabeba msukumo na usukani kwa pamoja. Msibadilishe sana kina cha rimu pia. Rimu inayotokeza nje huongeza tabia ya usukani kuvutwa upande mmoja gari likiwa na nguvu.

Springi ngumu zaidi nyuma na upepo mwingi zaidi kwenye tairi za nyuma vitawasaidia. Za kwanza hupunguza kuinama kwa gari, na wa pili hupunguza ukinzani wa tairi zisizofanya kazi.

#8 Mchangiaji

Naomba kuongeza kuhusu aina ya tairi, kwa kuwa ukubwa mmoja hauna tabia moja. Tairi la nyuzi mshazari, ambalo ndilo muundo wa sliki nyingi, hupanuka kimo likiwa kwenye kasi kubwa, kwa hiyo kimo ulichopima likiwa limesimama sicho kimo chake kwenye mstari wa mwisho. Radiali ya dragi hubaki karibu na kipimo chake na haina ukinzani mwingi, lakini husamehe kidogo dereva akikosea kuondoka. Usifunge nyuzi mshazari nyuma na radiali mbele ukaenda nalo barabarani. Gari hukosa utulivu wa usukani. Na kwa radiali zenye michirizi, usipite kwenye dimbwi la kulowanishia tairi (hulowanishwa ili zizungushwe na kupashwa joto kabla ya kuondoka). Pita pembeni ya dimbwi hilo, kisha urudi nyuma kidogo mpaka tairi liguse unyevu tu, kwa maana michirizi hubeba maji na kuyamwaga kwenye mstari wa kuondokea, pale utakaposimama wewe na atakayekufuata.

#9 Mleta uzi

Umeongeza jambo lenye uzito, nashukuru. Kwa gari linalorudi nyumbani kwa magurudumu yake, mimi nachagua radiali, na kwa tairi la 275/60R15 kwenye gari la kilo 1,500 ningeanza na paundi 20, nikashusha nusu paundi kila baada ya mbio mpaka muda wa mita 18 uache kuboreka au gari lianze kuyumba kwenye kasi. Kabla ya kuondoka uwanjani upepo urudishwe. Na mvua ikinyesha njiani, mpira laini wenye michirizi mifupi hauna uwezo wa kutosha wa kukamua maji, kwa hiyo mwendo uwe wa taratibu kuliko ulivyozoea.

#10 Mchangiaji

Mimi nina gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Naweza kuweka tairi refu nyuma peke yake?

#11 Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu. Tairi zote nne ziwe na mzingo sawa, hata kuchakaa kwake kusitofautiane sana. Zikitofautiana, kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, kinapata joto na kuharibika. Chagua kimo kimoja kwa zote, na ukitaka upana zaidi uongeze mbele na nyuma.

#12 Mchangiaji

Nimefanya hesabu zenu na nimeangukia kwenye 255/60R15, kimo cha milimita 687. Kabla sijanunua, nipimeje nafasi?

#13 Mleta uzi

Pima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa kuwa likinyanyuliwa kwa jeki ekseli huning'inia na vipimo vyote hudanganya. Toa springi ikiwezekana, ushushe gari taratibu uone tairi litafika wapi likibanwa kabisa. Ndani acha angalau milimita 12 kutoka kwenye springi na shokapu, maana tairi laini huyumba kando. Juu, acha zaidi kama unafikiria sliki zinazopanuka. Hakikisha pia nati inashika nyuzi za stadi (bolti ya gurudumu) kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi yenyewe, hasa ikiwa rimu mpya ina mgongo mnene.

Ukilipata tairi, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa utengenezaji ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa dragi huzeeka upesi, na tairi lililokaa ghalani miaka mingi lina kipimo sahihi na mshiko uliokwisha.

Likishafungwa, weka alama ya chaki chini ya tairi na sakafuni, sukuma gari hadi alama irudi chini, kisha pima umbali. Kwa kimo cha milimita 687 hesabu inasema mita 2.16, lakini likiwa na uzito wa gari na upepo mdogo utapata pungufu kidogo, na namba hiyo ya sakafuni ndiyo uirudishe kwenye hesabu ya gia. Chora na mstari mmoja wa chaki unaovuka kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Baada ya mbio ya kwanza, mstari ukiwa umekatika na nusu zake kuachana, rimu inazunguka ndani ya tairi; ongeza upepo paundi moja au mbili kabla ya kurudi kwenye foleni, na uangalie ndani ya madigadi kama kuna mahali palipokwaruzwa.